Kua: jukwaa tayari, waigizaji hawajafika

Aliyewahi kushika ile noti ya shilingi 500 iliyotoka mwaka 2010 ameishika Nkrumah Hall mkononi, hata kama hajawahi kukanyaga Mlimani. Ukumbi ule wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapwa mgongoni mwake. Kisiwani Mafia hatuna chuo kikuu. Kijana wetu akifaulu hupanda boti Kilindoni, akashuka Nyamisati, akashika gari la Mbagala, na habari za maigizo na maonyesho huanza kuzijua huko: Mlimani, Makumbusho ya Taifa, Nafasi Art Space kule Mikocheni, pengine na Bagamoyo kwenye jukwaa la chuo cha sanaa, TaSUBa. Akirudi likizo hulalamika kwamba kisiwani hakuna pa kwenda ila kibanda umiza siku ya mpira.

Mimi humbishia kwa neno moja: Kua.

Ukitoka Utende kwa mashua unaipita Chole, kisiwa cha popo na mafundi wa vyombo, ndipo unafika Juani. Mji wa Kua umelala humo msituni. Kuna jumba la ghorofa lililobaki kuta, misikiti kadhaa, makaburi, na mibuyu iliyojiotea ndani ya vyumba vya watu bila kubisha hodi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walivuka kutoka Madagaska, wakaupiga mji, wakachukua mateka. Waliosalimika hawakurudi kuukaa tena. Hiyo ni historia. Simulizi ya wazee ni ya kabla ya hapo, na ndiyo inayoniwasha.

Wanasema watu wa Kisimani, upande wa magharibi wa kisiwa kikuu, walijenga jahazi. Siku ya kulishua wakawaalika watu wa Kua kwenye karamu. Ngoma ikiwa imekolea, wenyeji wakawakamata watoto wa wageni, wakawalaza mchangani, jahazi likapitishwa juu yao kama juu ya magogo. Kua wakanyamaza. Wakanyamaza miaka saba, wengine husema minane, mpaka Kisimani wakaona yamekwisha. Ndipo ukaja mwaliko wa harusi. Wageni wakaketishwa chumba cha chini ya nyumba, wakalishwa, wakachekeshwa. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, huyu kufuata maji, yule kuita mtu, hadi akabaki mzee mmoja anawazungumzisha wageni. Naye anazungumza, mlango unajengwa kwa mawe. Mzee alijua. Alikubali kubaki humo.

Kisha Kisimani yenyewe ikaliwa na bahari. Wazee hawaoni kwamba hilo lilitokea kwa bahati mbaya.

Wasimulizi hutofautiana hapa na pale, kama ilivyo kawaida ya hadithi inayopita midomo mingi, lakini yule mzee hawamwachi. Aliwaambia nini wale wageni? Alianza lini kusikia jiwe likikaa juu ya jiwe, na alipandisha sauti ili wao wasisikie? Mwandishi wa tamthilia akipewa swali hilo tu ana kazi ya mwaka mzima. Na mji si wa kubuni: atakayekuja ataoneshwa magofu yenyewe.

Mlimani wanaijua kazi ya namna hii. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein akatoa tamthilia ya *Kinjeketile*. Huyo Kinjeketile, mganga wa vita hivyo, alikuwa mtu wa Ngarambe, bara ya Rufiji, ng'ambo yetu hapa. Basi si mbali walikofika. Walibakiza mlango wa bahari tu.

Najua nitaambiwa magofu si mahali pa kupigia ngoma. Kweli, kuta zile ni za mawe na chokaa, na mizizi imekwisha kuzilegeza. Spika kubwa na umati wa watu vitazimaliza kabla ya mvua. Sitaki tamasha. Nataka waigizaji wanane, watazamaji wasiozidi mashua tatu, na mchezo uanze alasiri uishe kabla ya magharibi, wote wakiwa nje ya kuta. Mafundi wa Chole wangeweza kuunda jahazi la kuigizia. Kushua chombo wanakujua kuliko chuo chochote. Na watoto wa Juani waingie bure, maana hadithi ni ya kwao.

Kwa hiyo enyi mnaofundisha sanaa za maonyesho huko mjini, na ninyi wenye mamlaka ya mambo ya kale, njooni mkae na wazee kwanza, muwasikilize kabla ya kuandika chochote. Mkija, mwulizeni nahodha habari za maji kabla hamjang'oa nanga: yakipwa, mashua haisogei Kua, na mtatembea kwenye tope la mikoko.