Picha ya Treni Isiyosimama

Huko Japani, katika stesheni ya Odawara, mara nyingi huonekana watu waliosimama na vyombo vya kupigia picha mkononi, ingawa hawana safari. Wanangojea treni ambayo haitasimama.

Treni hiyo ni Shinkansen. Njia yake ya kwanza, toka Tokyo hata Osaka, yenye urefu wa kilometa 515, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964. Sisi tumezoea kusema gari la moshi, lakini hili halina moshi: huendeshwa kwa umeme. Mwaka ule lilikwenda kilometa 210 kwa saa; tangu 2015 laruhusiwa kufika 285. Treni ipitayo zote kwa upesi huitwa Nozomi, maana yake Tumaini. Ile isimamayo katika kila stesheni huitwa Kodama, maana yake Mwangwi. Pale Odawara njia za kando ni za treni zinazosimama, na zile za katikati ni za treni zinazopita. Hivyo Mwangwi hungoja kando, na Tumaini hupita.

Tufanye hesabu kidogo. Mwendo wa kilometa 285 kwa saa ni meta 79 hivi kwa kila sekunde. Treni yenye mabehewa 16 ina urefu wa meta 400. Basi kwa mwendo huo yote yapita katika sekunde 5. Hata chombo kikifunguka kwa sehemu moja tu ya elfu ya sekunde, treni imekwisha kusogea sentimeta 8. Ndiyo sababu picha ya ubavuni hutoka na ukungu.

Wenye ujuzi wanazo njia mbili. Ya kwanza ni kuipiga treni ingali mbali, ikija kutuelekea, kwa maana hapo machoni haionekani kusogea sana. Ya pili ni kuugeuza mwili taratibu pamoja nayo, kama mwindaji amfuatavyo ndege arukaye: treni hutoka wazi, na majengo ya nyuma huwa mistari mitupu.

Lakini liko jambo lipitalo ustadi. Tangu 1964 hakuna abiria aliyekufa kwa Shinkansen kugongana au kuacha reli. Hata hivyo mwaka 1995, katika stesheni ya Mishima, kijana mwanafunzi alinaswa na mlango wa treni iliyokuwa ikiondoka, akaburutwa, akafa. Twaona basi kwamba hatari iko jukwaani, hata treni isiposhika mbio.

Kwa hiyo mpiga picha asitumie taa ya kumulika, isije ikampofusha dereva. Asizuie njia ya wasafiri. Mzazi amshike mtoto mkono. Na mtu yeyote asiuvuke mstari wa manjano. Vigae vile vyenye vinundu vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965, vikatandikwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967, ili vipofu watambue njia kwa nyayo zao. Ni aibu iliyoje mwenye macho mawili kuupuuza mpaka ambao kipofu huuheshimu kwa mguu wake!

Aliyekosa picha asisikitike. Saa zenye wasafiri wengi, Nozomi ziondokazo Tokyo huweza kufika 12 kwa saa moja. Na angoje nyuma ya mstari: Tumaini jingine laja.