Mipaka ya Osiloskopu za Bei Nafuu katika Ukaguzi wa Vifaa Tiba

Mashine ya kuzalisha oksijeni inayozimika ghafla wodini, kisha ikawaka vyema mbele ya fundi, yaweza kuwa hatari kuliko iliyoharibika kabisa, kwa kuwa hurudishwa kwa wagonjwa ikidhaniwa kuwa nzima. Kwa fundi sanifu wa vifaa tiba anayehudumia eneo kama Nyamisangura, kata ya mjini Tarime, mbali na karakana za Mwanza na Dar es Salaam, osiloskopu ya kidijitali ya bei nafuu ni msaada mkubwa. Chombo hiki huchora mabadiliko ya volteji kadiri muda unavyopita. Hata hivyo, kina mipaka inayopasa kueleweka.

Mpaka wa kwanza ni triga, yaani sharti linaloamua mchoro uanze lini. Katika hali ya otomatiki, chombo husubiri kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha huchora hata kama sharti halijatimia. Moyo unaopiga mara 60 kwa dakika hutoa pigo moja kila sekunde. Kwa hiyo mawimbi ya kifaa cha kuigiza mapigo ya moyo huweza kuonekana yakihamahama ilhali hayana kasoro. Hapo hali ya kawaida ndiyo ifaayo. Kwa hitilafu adimu, hali ya mara moja hufaa zaidi: katika mkondo wa volti 12, triga huwekwa kwenye volti 11 zinazoshuka, kisha chombo huachwa kikisubiri. Hantek 6022BE, inayotegemea kompyuta, hutafuta triga kwa programu baada ya kukusanya data. Tukio linaloangukia kwenye pengo kati ya fungu na fungu hupotea.

Mpaka wa pili ni chaneli. Rigol DS1054Z ina chaneli 4, lakini huchukua sampuli bilioni 1 kwa sekunde ikiwa chaneli moja tu imewashwa. Zikiwa 2 hubaki milioni 500, na zikiwa 3 au 4 hubaki milioni 250. Chaneli isiyohitajika na izimwe. Aidha, waya za ardhi za chaneli zote zimeungana ndani ya chombo. Kuubana mmoja kwenye sehemu yenye umeme wa gridi huweza kuleta shoti na kumdhuru fundi. Kamwe chombo hiki kisiunganishwe na mwili wa mgonjwa.

Kwa hiyo, mchoro uliotulia pekee si ushahidi wa uzima wa mashine. Kumbukumbu za matengenezo zioneshe hali ya triga, idadi ya chaneli na muda wa kipimo, ili atakayefuata ajue kilichopimwa na ambacho hakikuweza kuonekana.