Kuhama Mombasa Kwenda Kisumu: Dipositi, Canter na Tokeni Iliyokataa

Ukipata kazi mji mwingine, kila mtu anakuuliza utaanza lini. Wachache sana hukuuliza vyombo vitafikaje, au nani ataenda kuiona hiyo nyumba unayotaka kulipia.

Familia tunayoisimulia leo ni wateja wetu wa siku nyingi. Baba ni fundi wa friji, mama anashona nguo nyumbani, na wana watoto wawili: mmoja wa miaka 4, mwingine wa miezi 7. Walikuwa wakiishi Changamwe, Mombasa. Novemba baba akapata kazi Kisumu, ya kuanza Januari, mwezi uleule ambao mtoto mkubwa alitakiwa kuingia PP1. Wametukubalia tueleze yaliyowapata, kwa sharti kwamba majina yao tuyaache pembeni.

Nyumba waliiona mtandaoni. Vyumba viwili vya kulala, Mamboleo, shilingi 14,000 kwa mwezi, picha safi kabisa. Ajenti alipopigiwa simu alikuwa mchangamfu, lakini ana haraka. "Mamii, kuna watu watatu wanaitaka hiyo nyumba. Tuma dipositi na kodi ya mwezi wa kwanza leo, nikushikie." Jumla ilikuwa 28,000, karibu pesa zote walizokuwa wameweka kando kwa ajili ya safari.

Mama akaingiza nambari na kiasi. Kabla ya kuweka PIN, jina likatokea kwenye skrini, na halikuwa la yule ajenti. Akampigia tena. "Ah, hiyo laini ni ya bibi yangu, tuma tu." Baba alikuwa tayari kutuma. Mama akasema ngoja kwanza, wakapigia shemeji yao anayeendesha bodaboda Kondele, akapita Mamboleo jioni ile.

Nyumba ipo kweli, na rangi ni ileile ya kwenye picha. Shida ni kwamba ndani mna watu, wanapika, na hawana mpango wowote wa kuhama. Msimamizi wa ploti hakuwa amewahi kumsikia ajenti huyo.

Tuseme wazi jambo moja hapa, maana tunaulizwa kila wiki. Ukikosea nambari ukatuma pesa kwa mtu usiyemjua, tupigie mara moja. Kama pesa bado ziko kwenye akaunti yake, kuna uwezekano wa kuzirudisha. Tapeli ni habari nyingine. Yeye anakungoja, simu iko mkononi, na anaweza kuzitoa kwa wakala kabla hujamaliza kutupigia. Ule muda mfupi jina linapotokea kwenye skrini ndio nafasi yako. Lisome. Kama si jina uliloambiwa, usitume, hata ukiambiwa ni laini ya bibi, ya kaka au ya mchungaji.

Shemeji hakurudi mikono mitupu. Msimamizi yuleyule alimwonyesha nyumba nyingine, ploti ya pili yake, 13,500. Safari hii walizungumza na mwenye nyumba mwenyewe, akawatumia picha ya mkataba, na walipolipa zile 27,000 jina la kwenye skrini likawa sawa na la kwenye mkataba. Ujumbe wa malipo mama aliupiga picha ya skrini akaituma pia kwa mumewe. Alifanya vizuri. Dipositi unaweza kuidai baada ya miaka mitatu, na simu ya leo huenda wakati huo ishapotea au imeanguka kwenye maji.

Vyombo vilipakiwa kwenye canter. Dereva alitaka 45,000 zote kabla ya kuwasha gari, na baba akakataa. Wakaelewana 25,000 baada ya kupakia, 20,000 baada ya kushusha. Mombasa hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800, na njia yote hiyo ni ndefu kwa mtu aliyekwisha kulipwa. Baba alipanda na vyombo. Mama na watoto wakachukua treni hadi Nairobi, kisha basi. Pesa waligawana kwenye laini mbili. Ilisaidia, kwa sababu simu ya baba ilizima chaji Kericho, na aliyemaliza kumlipa dereva kule Mamboleo ni mama.

Basi, wakafika. Saa mbili usiku, giza, mita inasoma sifuri. Mtoto mdogo analia, mkubwa kalala juu ya godoro ambalo halijafunguliwa kamba. Mama akanunua tokeni za 500, tarakimu 20 zikaja, akazibonyeza kwa mwanga wa tochi. Mita ikakataa. Akarudia polepole. Ikakataa tena.

"Hii mita imekufa," baba akasema.

Jirani, mama wa makamo, alikuwa amekuja kuwasalimia na chupa ya chai. Akauliza, "Hebu someni nambari ya hiyo mita kwanza." Wakasoma. Haikuwa ile iliyokuwa kwenye simu. Mama alikuwa amechagua nambari iliyohifadhiwa, na iliyohifadhiwa ilikuwa ya Changamwe. Stima ya 500 walikuwa wameinunulia nyumba ya watu Mombasa.

Tokeni hutengenezwa kwa ajili ya mita moja tu, na ile nyingine haitaikubali hata ukiibonyeza mara mia. Kwa hiyo ukihama, siku ya kwanza piga picha nambari ya mita, uihifadhi kwa jina la nyumba mpya, na ile ya zamani uifute kabisa. Uliza pia kama mita ni yako peke yako au mnatumia pamoja na jirani, kwa sababu kwenye ploti nyingi ugomvi huanzia hapo.

Usiku ule walinunua za 200 kwa nambari sahihi, taa zikawaka, chai ikanywewa. Siku hizi mama ameshapata wateja wa kushonewa, na mama mboga wa pale nje anamfundisha Kijaluo kidogo kidogo kila anapolipia sukuma. Analalamika tu kuhusu nazi. Anasema za Kisumu ni chache, na ghali mno.

Na zile tarakimu 20? Alimtumia mpangaji mpya wa Changamwe, zikaingia bila shida. Mpangaji akarudisha 300 usiku uleule, akaahidi 200 zilizobaki mwisho wa mwezi. Tulipozungumza na mama mara ya mwisho ilikuwa Machi, na bado anazingoja.