Kwa nini hakuna Jumasita? Maajabu yaliyo nyumbani mwetu

Juzi binti yangu wa darasa la nne alikuwa akiandika majina ya siku kwenye daftari lake. Alipofika Jumatano akainua kichwa: "Baba, mbona baada ya Jumatano haiji Jumasita?"

Nikafungua kinywa nimjibu, nikakuta sina jibu. Mimi ni mtu wa miaka arobaini na kitu, nina diploma yangu kabatini, nimezaliwa Mji wa Kale hapa Mombasa, na lugha hii nimeinyonya kwa mamangu. Nikamwambia, "Maliza kazi yako kwanza." Kila mzazi aliyewahi kukwama analijua jibu hilo.

Usiku ule ule simu ikalia. Kwenye kundi letu la mtaa mtu ametuma ule ujumbe wa "Je, wajua?" Kwamba Ukuta wa China waonekana kwa macho ukiwa mwezini. Kwamba mbuni akiogopa huficha kichwa mchangani. Yote mawili ni uongo. Wanaanga waliofika mwezini hawakuuona ukuta wowote, na mbuni akiinamisha kichwa chini huwa yuwala au yuwageuza mayai yake. Lakini ujumbe ulishapigiwa makofi na watu thelathini. Nikajiuliza, habari za mwezini twazisambaza, na ya Alhamisi hatuijui?

Nikaanza kuuliza na kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata, na karibu yote yamo ndani ya nyumba yako.

Siku mbili za tano

Hesabu yetu ya siku imefungwa kwenye Ijumaa, siku ya swala kubwa. Ijumaa ikipita, juma laanza upya: Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Hapo hesabu yakatika. Badala ya Jumasita tumechukua jina la Kiarabu, Alhamisi, na maana yake ni "ya tano".

Waarabu hawakukosea. Wao huanza kuhesabu Jumapili, wanayoiita al-ahad, yaani ya kwanza. Ukihesabu kutoka hapo, Alhamisi ni ya tano kwa haki yake. Kwetu ingekuwa ya sita. Basi juma la Mswahili lina siku mbili za tano na halina ya sita hata moja. Hesabu mbili zimekaa nyumba moja karne nyingi, na hakuna aliyekosa kufika sokoni kwa sababu hiyo.

Saa yetu haiko nyuma

Wageni hucheka wakisikia saa ya mkononi yaonyesha 7 nasi twasema saa moja. Wengine hudhani tumekosea kuisoma. Ukweli ni kwamba saa yetu yahesabu kitu kinachoonekana: jua likishachomoza twaanza kuhesabu mchana, likishatua twaanza kuhesabu usiku.

Hesabu hii yafaa kwa mahali tulipo. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na mwaka mzima wakati wa jua kuchomoza hubadilika kwa muda usiofika saa moja. Jua letu lenyewe ni saa. Nenda London uone: kiangazi jua hutoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri kwa hesabu yetu, na wakati wa baridi hutoka baada ya saa mbili asubuhi. Huko ukihesabu kwa jua, utachelewa kazini nusu ya mwaka. Na hatuko peke yetu. Ndugu zetu wa Ethiopia pia huhesabu hivi hadi leo.

Siku ya Kiislamu nayo huanza magharibi. Ukialikwa kisomo "usiku wa Ijumaa", ni usiku ule ambao wengine huuita Alhamisi usiku. Rafiki yangu mmoja wa bara alialikwa hivyo, akaja Ijumaa baada ya isha, kanzu imepigwa pasi. Alikuta watoto wakikunja mikeka. Tulimtolea sahani ya pilau iliyobaki, akala akicheka.

Lakini si kila wakati jambo hili ni la kucheka. Mwaka juzi mamangu alipewa dawa za kumeza pamoja na chakula. Juu ya bahasha aliyempa dawa aliandika "8" mara mbili, akamaanisha asubuhi na usiku. Mamangu, mtu wa saa ya jua, akasoma saa nane. Akawa yuwameza saa nane mchana, kisha huamka saa nane za usiku wa manane, tumbo tupu, na kumeza ya pili. Alifanya hivyo wiki mbili. Tumbo lilipoanza kumchoma, twadhani ni ugonjwa mwingine, hadi usiku mmoja nikamkuta jikoni na gilasi ya maji mkononi. Kumbe ni tarakimu moja iliyosomwa kwa saa mbili tofauti.

Nikachukua kalamu nyekundu nikamwandikia kwa maneno: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Kwa hivyo wewe unayetoa dawa katika mwambao huu, usiandike tarakimu peke yake. Na wewe mwenye mzazi mzee, leo hii muulize amemeza dawa zake saa ngapi, na akikujibu, muulize pia ni mchana au usiku.

Gereza lilikuwa kanisa

Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498 na Vasco da Gama. Mwaka 1593 wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu hapa Mombasa. Mwaka 1698, baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, ngome ikaangukia mikononi mwa Waomani. Karne mbili za mizinga, na leo walichotuachia zaidi ni maneno.

Meza unayolia chakula ni neno lao. Bendera, kasha na karata pia ni yao. Hata leso, vazi ambalo mama wa pwani hawezi kukaa bila, latokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi.

Lililonishangaza zaidi ni gereza. Latokana na neno la Kireno "igreja", na maana yake ni kanisa! Ndani ya ngome Wareno walikuwa na kanisa lao. Wenyeji wakachukua jina la kanisa wakaita ngome nzima, na hadi leo ngome kongwe ya Kilwa Kisiwani yaitwa Gereza. Kisha ngome zikawa mahali pa kufungia watu, na neno likahama nazo. Waingereza waliifanya Ngome ya Yesu jela tangu 1895 hadi 1958. Hivyo nyumba ya ibada ikawa jina la ngome, na jina la ngome likawa la kifungo. Ukipita pale jioni kununua muhogo wa kukaanga, kumbuka neno hilo limetembea safari ndefu kuliko wewe.

Muhogo wenyewe ni mgeni

Na maadamu tumeutaja muhogo: asili yake ni Amerika ya Kusini. Ulivuka bahari katika zama za Wareno. Nanasi pia, na papai. Mkanju, ambao korosho zake ziliwalisha na kuwasomesha watoto wengi wa Kilifi, ni mti wa Brazil, na hata jina kanju ni la Kireno. Mahindi nayo yana kichekesho chake: jina lake latupeleka India, na asili yake ni Meksiko. Hata pilipili kali ya kwenye achari yatoka huko huko Amerika.

Basi miaka 600 iliyopita hakuna bibi aliyepika ugali wa mahindi, wala muhogo wa nazi uliokolea pilipili mbichi. Kulikuwa na mtama, wimbi, wali, ndizi, nazi na samaki. Wapo wanaosema chakula "cha asili" kama kwamba kilishuka na sisi. Kumbe ukarimu wetu ulianzia jikoni: mgeni alikaribishwa, akatiwa tui, na baada ya vizazi viwili vitatu hakuna aliyekumbuka kuwa alikuwa mgeni.

Chumba chembamba

Ukiingia nyumba kongwe ya mawe hapa Mji wa Kale au Lamu, utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Nikiwa mdogo nilidhani wazee walikuwa wabahili wa nafasi. Sivyo. Dari zile hubebwa na boriti za mikoko, mti mgumu usioogopa mchwa. Boriti hubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa upana wa kama mita 2 na nusu hadi 3, ukizidisha hapo dari hulegea. Kwa hivyo mti wa baharini ndio uliopima chumba cha bwana, na hakuna tajiri aliyeweza kubishana nao.

Miti hiyo hiyo ilipakiwa majahazini ikangoja upepo wa kusi, ikapelekwa Uarabuni na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti ya kujengea. Ndiyo maana nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain, za kabla ya mafuta, zina vyumba vyembamba kama vyetu. Tajiri wa Kuwait alilala chini ya boriti zilizokatwa pwani yetu.

Marehemu babu yangu alikuwa fundi. Mti alikuwa akiushika tu kwa kiganja akakutajia daraja yake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mimi nayajua majina hayo matano kwa kuyasikia. Ukiniwekea miti mitano mbele yangu, nitakosea mitatu. Mwanangu hata majina hajayasikia.

Mabuyu na popo

La mwisho ni la watoto, na ndilo lililomfurahisha binti yangu kuliko yote. Yale mabuyu mekundu wanayonunua wakitoka madrasa, hadi ulimi na vidole vikawa vyekundu, yana deni kwa popo. Ua la mbuyu hufunguka jioni jua likitua, likakaa usiku mmoja tu, kisha hunyauka. Nyuki wa mchana huwa wamelala. Anayekuja ni popo mla matunda, kufuata maji matamu ya ua. Hupakwa unga wa ua usoni, akaupeleka kwenye ua la mbuyu mwingine. Kutoka hapo ndipo buyu hufunga.

Sisi twamrushia popo mawe, twamwita mchafu, kisha asubuhi twamnunulia mtoto mabuyu ya shilingi kumi.

Tuulize kabla hawajaondoka

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi macho ninayo, na nilihitaji kuambiwa na mtoto wa miaka kumi.

Sisemi tusisome habari za mwezini. Lakini za mwezini zimeandikwa, hazitapotea. Daraja za boriti zilikuwa kwenye kiganja cha babu yangu, na siku tulipomzika tulizika na kiganja kile. Nilikaa naye miaka ishirini, na hata siku moja sikumwomba anishikishe mti mkononi aniambie huu ni pau, huu ni mazio. Nilidhani yupo tu.

Kwa hivyo wiki hii, ndugu msomaji, kabla hujausambaza ujumbe mwingine wa "Je, wajua?", nenda kwa mzee mmoja wa nyumba yenu. Chukua kitu kimoja chumbani mwake, kasha, mbuzi ya nazi au ufunguo wa zamani, umuulize jina lake, kilitoka wapi na kilitumikaje. Simu yako ina kinasa sauti. Kitumie.

Binti yangu nilimjibu hatimaye. Nilimweleza siku mbili za tano, akanisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza, "Sasa baba, ile siku ya sita ilikwenda wapi?"

Nikamwambia haikwenda popote, ipo kila wiki, tumeipa jina la tano tu. Na keshokutwa jioni, jua likitua, ndio usiku wake. Tukaanza kuusubiri pamoja.