Kusema na Maunzi Pasipo Mkalimani

Nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja ilijengwa kwa adabu maalumu: mgeni apigaye hodi hupokewa dakani, akakalia baraza, akakirimiwa kahawa na kusikilizwa haja yake, wala havuki kizingiti kuingia ndani ila kwa idhini ya wenyewe. Kompyuta ya zama zetu imejengwa kwa adabu iyo hiyo. Programu tunazozifahamu, za kuandikia barua, za kupigia hesabu na za kutembelea intaneti, zote hukaa dakani. Ndani yamo maunzi, yaani diski, kadi ya mtandao, pini za umeme na saa ya mashine. Na mlangoni amesimama bawabu ambaye mafundi humwita kerneli, aliye na mkalimani mahususi kwa kila kifaa, ile programu iitwayo draiva. Swali langu ni hili: je, yuko mgeni anayestahili kuingia ndani akaseme na kifaa yeye mwenyewe, na akiingia ashike adabu gani?

Bawabu huyo hakuwako tangu awali. Prosesa 8086 ya Intel, iliyotoka mwaka 1978, haikupambanua mwenyeji na mgeni, na chini ya mfumo wa DOS programu yoyote iliweza kuandika lolote popote. Aliyetaka kuwasha taa kwa amri ya kompyuta aliliendea tundu la printa lenye pini 25, akaandika namba moja katika anwani 378, kwa hesabu ya msingi wa 16, na pini ya 2 hadi ya 9 zikapata umeme au zikakosa, kila moja kwa mujibu wa biti yake. Lilikuwa jambo sahali. Walakini programu iliyokosea anwani moja iliweza kuiangusha mashine nzima pamoja na kazi zote zilizokuwamo. Prosesa 80386 ya mwaka 1985 ilikuwa na daraja nne za mamlaka pamoja na mpango wa kuigawa kumbukumbu kurasa kurasa, na Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 juu ya prosesa iyo hiyo, ikatumia daraja mbili tu kati ya hizo: ya 0 kwa kerneli, na ya 3 kwa programu za watu.

Basi tumfikirie fundi aliyeletewa kifaa ambacho bado hakina draiva, au aliyekiunda kwa mikono yake jana, naye hajui hata kama waya zake zimeungwa sawasawa. Kumwambia aanze kwa kuandika draiva ni kumwambia amfundishe mkalimani lugha ambayo mwalimu mwenyewe hajapata kuisikia ikisemwa. Tena kosa likitendeka ndani ya kerneli, aghalabu mashine yote husimama, ikazimwa na kuwashwa upya, na alasiri nzima huishia katika kungojea. Kosa likitendeka katika programu ya kawaida, hufa programu hiyo peke yake, fundi akasahihisha mstari mmoja na kuiendesha tena kabla chai haijapoa. Kwa hiyo itikadi yangu ni kuwa mazungumzo ya kwanza na kifaa kigeni yafaa yafanywe kutoka dakani, kwa mlango mdogo uliofunguliwa kwa muradi huo, na mkalimani aandikwe baadaye, lugha ikishajulikana.

Mlango huo hufunguka hivi. Vifaa vingi hujionyesha kwa prosesa kama kwamba ni sehemu ya kumbukumbu: kuna anwani ambazo ukiziandikia namba, namba haihifadhiwi, bali jambo hutendeka, injini ikazunguka au waya ukapata umeme. Anwani hizo ndizo rejista. Taabu ni kuwa anwani aionayo programu si anwani ya hakika, kwa sababu kila programu hupewa ramani yake ya kumbukumbu, iliyokatwa katika kurasa ambazo kwa kawaida ni za baiti 4096, ili isiweze hata kuutaja ukurasa usio wake. Katika Linux liko faili liitwalo /dev/mem, ambalo si faili la diskini bali ni sura ya anwani za hakika zenyewe. Programu hulifungua, kisha kwa wito uitwao mmap huiomba kerneli iuchukue ukurasa fulani wa maunzi na kuubandika katika ramani yake. Tangu hapo kerneli hujitenga kando. Kuandika katika ukurasa huo ni kukiandikia kifaa.

Nautazama mfano ulio mezani pangu, kibao cha Raspberry Pi cha toleo la kwanza, la mwaka 2012. Rejista za pini zake zimeanzia anwani 20200000, kwa hesabu ya msingi wa 16. Na hapo hapo wanafunzi wengi hupotea, kwani kitabu cha chipu hiyo, BCM2835, huichapa anwani iyo hiyo kama 7E200000, jinsi inavyoonekana kutoka upande wa njia za ndani za chipu na si upande wa prosesa. Nataka kuwasha taa ndogo ya LED kwa pini ya 17, kupitia rezista ya omu 330. Kila pini hutengewa biti tatu za kusema kazi yake, na rejista moja huchukua pini kumi. Basi pini ya 17 imo katika rejista ya pili, baiti 4 mbele ya mwanzo, katika biti ya 21 mpaka ya 23. Nikiandika 001 humo, pini inakuwa ya kutoa umeme. Kisha naiandikia rejista iliyo umbali wa 1C, biti ya 17 ikiwa moja, taa inawaka. Naandika biti iyo hiyo katika rejista iliyo umbali wa 28, nao pia kwa hesabu ya msingi wa 16, taa inazimika.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini kuwe na rejista moja ya kuwasha na nyingine ya kuzima. Kama ingekuwa rejista moja yenye hali za pini zote, mtu angelazimika kuisoma, kuibadili biti yake, na kuirudisha yote. Na kati ya kusoma na kurudisha, programu nyingine ingeweza kubadili pini ya jirani, na mabadiliko yake yakafutwa pasipo yeyote kujua. Kwa mpango wa rejista mbili, sifuri haina maana yoyote: biti zilizo moja ndizo zinazotenda, na pini za wengine hubaki katika amani yake. Naiona hiyo kuwa hikima kubwa ya mbunifu wa chipu. Ila rejista ya kuchagua kazi haina ulinzi huo, hivyo programu mbili zikiigusa pamoja zaweza kuharibiana.

Hadhari nyingine hazionekani kwa macho. Programu inayotafsiri lugha ya C huona umeandika anwani moja mara mbili mfululizo, ikadhani la kwanza ni kazi bure na kulifuta, maana haijui kwamba upande wa pili kuna taa. Ndiyo sababu shurti neno volatile litiwe mbele ya kila anwani ya kifaa. Kadhalika kuna vifaa ambavyo hata kusomwa ni kuguswa. Nilipata kusimamia kompyuta iliyopokea uzito kutoka kwenye mizani kwa waya wa herufi moja moja, kupitia chipu ya aina ya 16550, na kwa kutaka kujua afya ya chipu niliandika programu ndogo ya kuzisoma rejista zake zote kila sekunde, kuanzia anwani 3F8. Uzito ukaanza kufika pungufu: mara tarakimu ya katikati haipo, mara ya mwisho. Nilibadilisha waya, nikabadilisha na tundu. Ilikuwa jioni nilipokumbuka kuwa rejista ya kwanza ya chipu hiyo ndiyo mlango wa kutokea herufi, na kila aisomaye huichukua herufi moja kutoka katika safu. Programu yangu ya kutazama ndiyo iliyokuwa ikizila.

Kwa sababu kama hizo bawabu amezidi kuwa mkali, nami simlaumu. /dev/mem hufunguliwa na msimamizi wa mashine tu, na kerneli nyingi za leo hukataa katakata kuonyesha kumbukumbu ya kawaida kupitia hapo. Badala yake vimefunguliwa vilango vyembamba zaidi. Katika Raspberry Pi liko faili /dev/gpiomem, lionyeshalo rejista za pini pekee, hata kwa mtu asiye msimamizi. Mwaka 2007 Linux 2.6.23 ilileta mpango wa UIO, ambamo kipande kidogo cha kerneli hupokea miito ya ghafla ya kifaa, na programu ya dakani hulala ikisoma faili /dev/uio0 mpaka mwito ufike, ikapewa baiti 4 zenye hesabu ya miito iliyokwisha kuja. Na kwa vifaa viwezavyo kuandika vyenyewe katika kumbukumbu, ambavyo vikipewa anwani potofu vyaweza kukanyaga chochote, ulikuja mwaka 2012 mpango wa VFIO, unaotumia mlinzi wa maunzi aitwaye IOMMU kukizuia kifaa kisitoke nje ya kurasa kilizoruhusiwa. Anayeanza leo, namsihi ajaribu vilango hivyo kabla ya kulikimbilia /dev/mem.

Wala asidhani kuwa mambo yote yatawezekana dakani. Kerneli yaweza kuisimamisha programu yako wakati wowote ili kuhudumia nyingine, na milisekunde chache za kusimamishwa, ambazo mtu hazihisi, zatosha kuvuruga mawimbi ya umeme yanayotaka mpangilio wa mikrosekunde. Na kifaa kitakachotumiwa na programu nyingi kwa pamoja kinamhitaji mkalimani, kwa kuwa lazima awepo mmoja wa kupanga zamu.

Pana tena jambo la anwani kuhama. Raspberry Pi 2 ilizipeleka rejista za pini 3F200000, na Raspberry Pi 4 ikazipeleka FE200000; kisha mwaka 2023 ikatoka Raspberry Pi 5, ambayo pini zake zimehamia chipu nyingine kabisa, RP1, yenye mpangilio mwingine wa rejista. Programu zilizokariri anwani zilikosa mwenyeji. Mimi tangu zamani huandika anwani mahali pamoja tu, mstari wa juu kabisa wa programu, na kando yake jina la kibao na ukurasa wa kitabu cha chipu nilikoisoma, na ndani ya programu naiuliza mashine jina lake kabla ya kuandika biti ya kwanza. Jina lisipolingana, programu inafunga faili na kuondoka bila kugusa kitu.