Mwenye Simu Aulizwe Kwanza

Katika mkutano mmoja wa kijiji tuliohudhuria hivi karibuni, mwenyekiti aliwaomba wajumbe wote wazime simu zao kabla ya kusomwa kwa taarifa ya mapato na matumizi. Mzee mmoja aliyeketi safu ya mbele, ambaye alikuwa amenunuliwa simu mpya na mwanawe aliyeko mjini, alikibonyeza kitufe cha ubavuni na kukishikilia, kama alivyokuwa akifanya katika simu zake zote za zamani. Simu haikuzimika. Badala yake kioo kiliwaka rangi mbalimbali, yakatokea maandishi ya Kiingereza, na punde sauti ikaanza kuyajibu maneno ya mwenyekiti kana kwamba nayo ni mjumbe. Mzee akabonyeza tena, na ile sauti ikarudi tena. Watu wakaangua kicheko, naye akaikunja simu ndani ya kanzu yake na kuikalia mpaka mkutano ulipofungwa.

Na sisi tulicheka. Walakini tulipokuwa njiani kurudi mjini kicheko kilitutoka, maana tulitambua kwamba yule mzee hakuwa amekosea lolote. Yeye alibonyeza kitufe cha kuzimia, na ni kitufe hicho ambacho kilikuwa kimepewa kazi nyingine bila ya yeye kujulishwa. Wala hilo si jambo la simu moja. Katika iPhone, tangu ile iliyoitwa X ya mwaka 2017, anayeshikilia kitufe cha ubavuni humwita msaidizi aitwaye Siri, na atakaye kuzima hana budi kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Simu za Pixel za Google zilifuata mkondo huo zilipopata Android 12 mwaka 2021. Na Samsung Galaxy S25 zilipotoka mwanzoni mwa mwaka 2025, kushikilia kitufe hicho kulikuwa ni kumwita Gemini, msaidizi wa Google anayeendeshwa kwa akili mnemba.

Tunapenda ieleweke mapema kwamba hatuandiki haya kwa chuki dhidi ya akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia. Ndugu zetu wasioona leo wanaweza kuielekeza simu kwenye picha wakasomewa kilichomo. Mfanyabiashara anayeagiza mali nje anaweza kuelewa barua iliyoandikwa kwa Kichina bila ya kumlipa mkalimani. Haya ni manufaa ya kweli, na mwenye kuyahitaji ayatumie. Tunalolijadili hapa ni lile la pili, ambalo aghalabu husahauliwa na wanaosifu maendeleo: je, yule asiyeyahitaji ana njia ya kuyakataa?

Katika nchi yetu hata jirani wa ukuta mmoja, mwenye haki ya chumvi na moto, haingii nyumbani kwa mwenzake bila ya kupiga hodi. Akipiga hodi mara tatu asijibiwe, hurudi alikotoka. Mgeni huyu wa simuni hakupiga hodi hata mara moja. Ameingia usiku pamoja na sasisho la mfumo, akajipangia chumba, na asubuhi mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kuzunguka akitafuta mlango wa kumtolea.

Hebu tuangalie jinsi alivyoingia. Kampuni ya Apple ilipoitoa huduma yake ya akili mnemba mwezi Oktoba 2024, mwenye simu ndiye aliyeamua kuiwasha. Ilipofika Januari 2025, pamoja na toleo la mfumo liitwalo iOS 18.3, mambo yaligeuzwa: katika simu zinazoiweza, huduma hiyo ilikuja ikiwa imekwisha washwa, na asiyeitaka ndiye aliyelazimika kwenda kuizima. Kampuni yenyewe inaeleza kwamba huduma hiyo inahitaji nafasi ya GB 7 katika simu. Mtu aliyenunua simu kwa fedha zake mwenyewe amemegewa eneo la kuwekea picha za harusi ya binti yake ili kumhifadhi mgeni ambaye hakumwalika.

Na mgeni huyo si kwamba daima husema kweli. Miongoni mwa kazi alizopewa ni kufupisha taarifa zinazoingia simuni, ili mwenye simu asome mstari mmoja badala ya kumi. Mwezi Desemba 2024 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lililalamika kwamba muhtasari huo ulitoa habari kwa jina la BBC kuwa Luigi Mangione, mtuhumiwa wa mauaji mjini New York, amejipiga risasi. Habari hiyo haikuwa ya kweli, na BBC haikuwa imeiandika. Januari 2025 Apple iliisimamisha kwa muda kazi ya kufupisha habari za magazeti. BBC ni shirika kubwa, likilalamika husikika. Lakini ujumbe wa muuguzi wa zahanati kuhusu kipimo cha dawa ukifupishwa vibaya katika simu ya mama mjamzito, malalamiko hayo yatapelekwa kwa nani?

Yako pia mambo ya siri. Katikati ya mwaka 2025 Google iliwapelekea watumiaji wa simu za Android barua pepe kwamba kuanzia tarehe 7 Julai Gemini angeweza kusaidia katika simu zinazopigwa, ujumbe mfupi na WhatsApp, hata kwa yule aliyekwisha kuzima uhifadhi wa mazungumzo yake na Gemini. Kampuni ilieleza baadaye kwamba mazungumzo ya aliyezima hayatumiki kuifunza akili hiyo. Maelezo hayo tunayapokea. Lakini maelezo ya kampuni hiyo hiyo yanasema kwamba hata ukizima uhifadhi, maneno yako hukaa kwao hadi saa 72. Ukiuacha umewashwa, hukaa miezi 18 usipobadili muda huo. Na yale yaliyoteuliwa kusomwa na wakaguzi, ambao ni binadamu kama sisi, huweza kukaa hadi miaka mitatu.

Wako watakaosema kwamba wao hawana la kuficha. Huo ni mtazamo finyu. Simu ya mtunza hazina wa chama cha kuweka na kukopa haina siri zake peke yake. Ina za wanachama waliokopa kwa ajili ya matibabu. Simu ya mwalimu ina habari za watoto wa watu. Ya mshenga ina maneno ambayo hata ndugu wa damu hawajayasikia. Kama mmoja wao akiruhusu mtu wa tatu asikilize, basi wamehusishwa wengi ambao hawakuulizwa, na hata yeye mwenyewe yamkini hakujua kwamba ameruhusu.

Kwa hiyo tunaona ni wajibu wetu kueleza namna ya kuzima, kwa wale wanaotaka.

Mwenye Android afungue Mipangilio, aingie sehemu ya programu, kisha programu chaguomsingi, atafute penye msaidizi wa dijitali, na hapo achague kwamba hataki msaidizi yeyote. Hilo humzuia Gemini asiitike kila kitufe kinapoguswa. Baada ya hapo afungue programu ya Gemini yenyewe, aguse picha yake juu ya kioo, aingie mahali pa kuhifadhi shughuli, azime, na afute yaliyokwisha hifadhiwa. Mwenye Samsung anayo nafasi zaidi: katika mipangilio ya Galaxy AI, huduma iliyoanza Januari 2024, anaweza kuzima kazi moja moja, na ipo swichi inayoamuru kwamba taarifa zishughulikiwe ndani ya simu tu bila ya kupelekwa nje. Swichi hiyo tunaisifu, na tungependa kuiona katika simu zote. Ama kitufe cha ubavuni, mipangilio yake ipo katika sehemu ya vipengele vya ziada, na hapo kinaweza kurudishiwa kazi yake ya zamani ya kuzima. Mwenye iPhone ataona katika mipangilio sehemu yenye majina ya Apple Intelligence na Siri. Swichi ya juu kabisa ikizimwa, karibu yote yamezimika. Na kila baada ya sasisho kubwa mtu arudi kukagua, kama mkulima anavyokagua ua wake baada ya mvua.

Limebaki duara la WhatsApp, lile la rangi ya buluu liitwalo Meta AI. Lilianza kuenea Aprili 2024 katika nchi kadhaa, jirani zetu wa Uganda wakiwa miongoni mwa wa kwanza. Hilo tumelitafutia swichi ya kuliondoa na hatukuipata, kwa sababu kampuni haikuiweka. Kampuni hujibu kwamba matumizi yake ni hiari. Sisi tunasema kwamba hiari ni neno zito. Mtu aliyewekewa kitu mlangoni asichoweza kukiondoa hawezi kuambiwa kwamba ana hiari eti kwa kuwa hakulazimishwa kukigusa. Lililowezekana tangu Aprili 2025 ni kuwasha faragha ya ziada katika mazungumzo au kundi, ambayo huzuia ujumbe wa humo usitumiwe katika kazi za akili mnemba. Tunawashauri viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, kamati za misiba na kamati za shule wafanye hivyo leo hii.

Jambo lililotukera kuliko yote ni lugha. Android inao mpangilio wa Kiswahili, na anayeutaka ataupata katika sehemu ya mfumo na lugha. Lakini simu nyingi hutoka dukani zikiwa katika Kiingereza, na muuzaji hana muda wa kuzibadili. Maneno marefu ya masharti hutokea mara moja, mwananchi anagusa palipoandikwa kukubali ili apate kuendelea, na kuanzia hapo anahesabiwa kuwa ameridhia. Ridhaa iliyotolewa kwa lugha asiyoielewa mtoaji wake, katika mahakama yoyote ya haki, ingehojiwa.

Wapo wanaodhani kwamba makampuni haya ni makubwa mno hata serikali haziwezi kuyaambia kitu. Mifano inaonyesha vinginevyo. Mwezi Julai 2024 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Brazili, nchi iliyoonja ukoloni kama yetu, iliiamuru Meta iache kutumia taarifa za watu wake kuifunza akili mnemba, na ikaweka faini ya reali 50,000 kwa kila siku ya ukaidi. Amri hiyo iliondolewa mwishoni mwa Agosti, baada ya kampuni kukubali kuwajulisha watu na kuwapa njia ya kukataa. Huko Italia, mamlaka ya ushindani ilifungua uchunguzi Julai 2025 juu ya hilo hilo duara la WhatsApp.

Tanzania nayo haiko mikono mitupu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tunayo Tume ya kuisimamia. Tunaiomba Tume hiyo iwaite waingizaji wa simu na kuwauliza maswali mawili tu: kwa nini huduma hizi zinakuja zikiwa zimewashwa, na kwa nini maelezo ya kuzizima hayamo katika Kiswahili ndani ya boksi la simu. Wauzaji nao hawahitaji kungoja agizo. Dakika tano za kumwonyesha mteja swichi zake hazitawafilisi.

Yule mzee tulimtembelea siku ya pili yake. Kazi yote, pamoja na kubadili lugha, ilituchukua muda wa birika moja la chai. Alikijaribu kitufe mara tatu mbele yetu, akakiona kioo kikileta neno la kuzima, akaizima simu na kuiweka juu ya mkeka. Kisha akatuuliza kama mwanawe, huko mjini, anajua kwamba yake nayo inasikiliza.