Gundi, Baridi na Ubongo Unaokua

Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku huko haina huruma kwa anayelala kwenye katoni barazani. Asubuhi utawaona vijana wakiokota plastiki za kuuza, kila mmoja amebana kichupa kwa meno, mdomo wa chupa ukielekea puani. Ndani mna gundi ya mafundi viatu, kidogo tu. Mikono imebaki huru kufanya kazi.

Kinacholewesha ni toluini iliyomo kwenye gundi hiyo. Huyeyuka kwenye mafuta, nao ubongo una mafuta mengi, hivyo mvuke hutoka mapafuni na kufika kichwani kwa sekunde chache. Njaa hutulia, woga hupungua. Ulevi huo hauchukui muda kuisha, ndiyo maana chupa haitoki mdomoni. Baada ya miaka, utando wa mafuta unaokinga nyuzi za neva huharibika. Mikono hutetemeka, kumbukumbu hupungua. Tena toluini huufanya moyo uyumbishwe kwa urahisi na adrenalini, hata usimame ghafla mtu akishtuliwa au akikimbizwa. Hebu fikiria kanjo, yaani askari wa kaunti, wanapomkurupusha kijana kama huyo alfajiri.

Mwaka 2011 watafiti waliwahoji watoto na vijana 146 wa mitaani Eldoret, wenye miaka 10 hadi 19. Asilimia 62 walikuwa wakitumia vileo, na kati ya hao asilimia 83 walivuta gundi. Kwa kijana asiyejua atalala wapi leo, gundi hufanya kazi ya blanketi na chakula. Usingizi wa kukatikakatika nao humzidishia homoni za msongo, ilhali sehemu ya ubongo inayozuia pupa huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu.

Je, ni lazima kijana huyo aache gundi kwanza ndipo apewe makazi? Kanada, kati ya 2009 na 2013, utafiti katika miji 5 uliwapa watu wasio na makazi wenye maradhi ya akili nyumba bila kuwataka waache vileo kwanza. Walidumu kwenye makazi kwa muda mrefu kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida, ingawa matumizi ya vileo hayakutofautiana sana. Wapo wanaosema basi nyumba hazisaidii. Mimi naona kinyume: anayelewa anaweza kutunza chumba, kwa hiyo sharti la “acha kwanza ndipo upewe kitanda” halina msingi. Waraibu wa heroini Kenya wana methadoni. Kwa gundi hakuna dawa ya namna hiyo. Kuna ushauri nasaha, chakula, usingizi na mtu yuleyule anayekuja tena kesho, na hayo yote yanahitaji kijana awe na mahali anapopatikana.